Uyoga wa Kichuguu si Uyoga wa Malisho

Hotuba hii imeandaliwa kusomwa katika mabaraza ya machifu, mikutano ya wafugaji na vikundi vya akina mama msimu huu wa mvua. Inachapishwa hapa yote ili aliyekosa kikao aisome nyumbani.



Mvua imeshika. Kuanzia Chwele na Kimilili hadi Kiminini, Kwanza na Endebess, mahindi yamefika magotini na nyasi za malisho zimejaa. Pamoja na nyasi umechipuka uyoga. Mtoto aliyepeleka ng'ombe malishoni asubuhi anarudi na sweta limekunjwa kwa mbele, na ndani yake mna kofia nyeupe nane au tisa. Amefurahi, maana ameleta mboga. Mama anapokea, anachukua mmoja, anaugeuza mkononi na kuutazama. Katika dakika hiyo moja anaamua kama nyumba itakula au haitakula. Kikao cha leo ni kwa ajili ya dakika hiyo.

Kwa kuwa wapo wenye ng'ombe wa kukama na huenda wakaondoka mapema, kanuni kuu inatolewa mwanzoni. Uyoga wa porini uingie sufuriani ikiwa tu mambo mawili yametimia. La kwanza, umeota kwenye kichuguu. La pili, yuko mtu mzima anayeujua kwa jina, na ambaye amewahi kuula uyoga huohuo kutoka mahali hapohapo. Jambo moja likikosekana, uyoga utupwe. Ule ulioota katikati ya malisho, juu ya samadi au chini ya miti ya kupandwa, usiliwe hata kama unavutia namna gani.

Wengine watauliza kwa nini kanuni iwe kali hivyo, ilhali watu wa magharibi mwa Kenya wamekula uyoga tangu zamani wala hawakufa. Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu kamili.

Walichokijua wazee

Katika nyumba nyingi za Waluhya uyoga huitwa obwoba. Wabukusu husema bubwoba. Si chakula cha njaa. Ni mboga ya heshima, hupikwa ukiwa mbichi au hukaushwa juani na kuwekwa akiba, kisha ukaungwa kwa maziwa au karanga. Mgeni akiandaliwa uyoga hujua amethaminiwa.

Akina mama waliokulia Sirisia, Kanduyi au Webuye hawakujifunza uyoga kwa maneno. Waliwafuata bibi zao, wakaonyeshwa kichuguu kimoja baada ya kingine: hiki hutoa uyoga mkubwa wenye ncha, kile hutoa uyoga mdogo unaotapakaa kama punje za mtama zilizomwagika. Walijua kila kimoja hutoa baada ya mvua ya ngapi. Vichuguu hivyohivyo ndivyo vilivyotoa kumbikumbi, yaani chiswa, kwa hiyo familia iliyokuwa na kichuguu kizuri shambani ilikitunza.

Sayansi inaeleza kwa nini maarifa hayo yalikuwa salama. Mchwa wanaojenga vichuguu hivyo hawawezi peke yao kuyeyusha miti na majani makavu. Hukusanya vipande, huvitafuna, na kujengea masega ndani ya kichuguu. Juu ya masega hayo hulima ukungu, na ukungu huo ndio unaoyalainisha majani yale yawe chakula. Wataalamu wanakadiria kwamba ushirikiano huu ulianza hapa Afrika zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Mvua ikinyesha vya kutosha, ukungu ule husukuma uyoga hadi juu ya ardhi.

Wanasayansi huuita ukoo huu Termitomyces. Ndani yake mna uyoga usiozidi ukubwa wa kifungo cha shati, na mna ule wa Zambia ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Hakuna wa ukoo huu unaojulikana kuwa na sumu ya kuua. Hivyo basi bibi aliyemwambia mjukuu wake achume kichuguuni tu, alikuwa amempa kanuni ambayo wataalamu wa leo wangeitia sahihi.

Lakini kanuni ile ilikuwa na sehemu mbili, na moja haikutajwa kwa sababu kila mtu aliijua: ilikuwa kanuni ya kichuguu, na kichuguu chenyewe kilikuwa pale Sirisia.

Ardhi ya Kitale ina historia nyingine

Mashamba ya Trans Nzoia yalichukuliwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne iliyopita, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Ardhi ililimwa kwa trekta na vichuguu vingi vikasawazishwa. Ng'ombe wa maziwa waliletwa kutoka ng'ambo. Malisho yakapandwa nyasi maalumu, na kituo cha utafiti cha Kitale kikapata sifa kwa kuchunguza nyasi kama Rhodes na setaria. Pembezoni mwa mashamba, na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ikapandwa misonobari kutoka Amerika, mikaratusi kutoka Australia na miti mingine isiyokuwa ya huku.

Uhuru ulipofika, mashamba makubwa yalianza kugawanywa. Familia nyingi zilihama kutoka Bungoma, Kakamega, Vihiga na kwingineko, zikapata ekari zao huku. Hata ndani ya Bungoma yenyewe, sehemu za Ndalu, Naitiri na Tongaren zina historia kama hiyo. Waliohama walibeba majembe, mbegu, ng'ombe na majina ya koo zao. Walibeba pia maarifa ya uyoga. Hawakuweza kubeba vichuguu.

Udongo wa malisho umelishwa samadi miaka mingi, na nyasi zake hukatwa au kuliwa kila siku. Uyoga unaoota hapo haumhitaji mchwa. Hula nyasi zinazooza na samadi iliyochanganyika na udongo. Ni ukoo mwingine kabisa. Ila kwa mbali unafanana na ule wa nyumbani: kofia nyeupe, shina jeupe, na umechipuka baada ya mvua. Anayetazama rangi na umbo peke yake ataona kitu kilekile alichoonyeshwa na bibi yake.

Chini ya miti ya kupandwa kuna hatari ya namna nyingine. Kuna uyoga unaoishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, na miche ikisafirishwa na udongo wake, uyoga husafiri nayo. Ndivyo uyoga mwekundu wenye madoadoa meupe ulivyofika Afrika pamoja na misonobari. Uyoga unaoua watu wengi kuliko wote duniani, ambao asili yake ni Ulaya na jina lake la kisayansi ni Amanita phalloides, ulisafiri vivyo hivyo na miti hadi Afrika Kusini, Australia na Marekani.

Maarifa ya mahali pengine

Mwaka 2021 familia moja ya Afghanistan ilihamishwa kutoka nchi yake wakati wa vita, ikapelekwa Poland, nchi ya Ulaya, na kuwekwa katika kituo karibu na msitu. Watu hao waliujua uyoga wa kwao. Waliona unaofanana nao msituni, wakauchuma na kuula. Ulikuwa ule Amanita unaoua. Ndugu wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walifariki hospitalini, na mmoja wao alikuwa amepandikizwa ini jipya. Dada yao aliponea chupuchupu.

Familia ile haikuwa ya wajinga wala wazembe. Macho yao yalifunzwa katika nchi moja, na wakayatumia katika nchi nyingine.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika misitu ya miombo ya Tanzania, Zambia na Malawi, watu hula aina fulani za ukoo huohuo wa Amanita, na huzipenda. Mtaalamu Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliokusanya maarifa ya wenyeji kuhusu uyoga wa Tanzania, na kitabu chao kikatoka mwaka 2003. Watu wa miombo wanaweza kula kwa sababu wanaijua aina moja moja, mti kwa mti, tangu utotoni. Mgeni kutoka Kitale akila kwao chini ya uongozi wao, atakuwa salama. Akirudi Kitale na kuchuma unaofanana na ule chini ya msonobari, hana tena wa kumwongoza.

Uyoga wa malishoni

Ni vizuri wakulima wajue wanachokiona shambani, hata kama hawakili. Kwa urahisi, vile vipande vyembamba vilivyopangwa chini ya kofia vitaitwa kurasa, kwa sababu vinafanana na kurasa za kitabu kilichofunguliwa.

Wa kwanza ni ule mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Ukiwa mchanga hufanana na yai au ngumi, kisha kofia hufunguka na kuwa pana kama sahani. Shina lina pete inayoweza kusogezwa juu na chini. Huota kwenye nyasi, mara nyingi kwa mduara, na huonekana malishoni na hata kwenye nyasi za uwanja wa shule. Kurasa zake huanza zikiwa nyeupe, kisha hugeuka kijani hafifu unapokomaa. Hapo ndipo mtego ulipo. Unapochumwa mchanga, rangi ya kijani bado haijatokea, na mchumaji haoni dalili yoyote. Uyoga huu husababisha kutapika na kuharisha kukali, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 3 baada ya kula. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona akipata matibabu, lakini mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini haraka sana.

Wa pili ni ule wenye kofia nyeupe ya mviringo na shina fupi, ambao kurasa zake huanza na rangi ya waridi kisha huwa za kahawia iliyokolea kama chokoleti. Uko katika ukoo mmoja na ule mweupe unaouzwa madukani, na kwingineko duniani watu huuchuma na kuula. Lakini una ndugu yake mwenye sumu ambaye kwa macho ni vigumu kumtofautisha naye. Ndugu huyo, ukikwaruza kofia yake au kukata chini kabisa ya shina, hugeuka manjano ya kung'aa mara moja, na hunuka kama wino au dawa ya kusafishia sakafu ya hospitali. Harufu hiyo huzidi ukiwa jikoni. Anayeanza kujifunza asijaribu bahati yake kati ya hawa wawili.

Wa tatu ni ule mdogo, wa kahawia au rangi ya mchanga, wenye shina jembamba, unaoota juu ya samadi yenyewe. Baadhi ya aina zake huvuruga akili: aliyekula huona visivyokuwapo, moyo humwenda mbio, na huweza kujidhuru bila kujua. Vijana wasiufanyie mchezo.

Wa nne hauko katikati ya malisho bali pembeni, chini ya miti. Una kofia, una pete shinani, na chini kabisa, ndani ya udongo, shina limeingia katika kifuko kama yai lililopasuka. Uyoga wenye pete na kifuko usiguswe kwa ajili ya chakula. Wengi huung'oa kwa kuukata juu, kifuko kikabaki ardhini, na dalili muhimu kuliko zote ikabaki nacho.

Liko pia jambo lisilohusu aina ya uyoga. Uyoga hufyonza vitu kutoka kwenye udongo. Hata ulio salama kwa asili haufai ukiwa umeota karibu na josho la ng'ombe, la sasa au la zamani, pembeni mwa barabara kuu, au shambani palipopuliziwa dawa ya magugu.

Vipimo vya kienyeji visivyofaa

Zipo njia nyingi zinazosemwa vijijini za kupima sumu. Nyingi ni za zamani na zinasemwa kwa nia njema, lakini hazifai kutegemewa.

Wapo wanaoamini kwamba uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama. Si kweli, konokono hula uyoga unaoua binadamu. Wapo wanaotia kitunguu, mchele au sarafu kwenye sufuria na kusubiri vibadilike rangi. Sumu hatari kuliko zote haibadilishi rangi ya kitunguu wala ya sarafu. Wengine husema ule unaomenyeka ganda la kofia unaliwa. Ule unaoua nao humenyeka.

Wengine hutegemea moto: wanachemsha, wanamwaga maji ya kwanza, wanachemsha tena. Sumu ya Amanita haiharibiki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa juani. Uyoga mmoja tu wa aina hiyo unatosha kumuua mtu mzima. Mwisho, wapo wanaoonja kidogo na kusubiri saa moja. Sumu hiyo huanza kuonekana baada ya saa 6 hadi 24. Aliyesubiri saa moja hajapima chochote.

Namna ya kuangalia uyoga wa kichuguu

Kuwa karibu na kichuguu peke yake si ushahidi, kwa maana uyoga wa nyasi nao unaweza kuota kando yake. Mchumaji afuate hatua hizi.

Kwanza, achimbe, asikate. Uyoga mkubwa wa kichuguu una mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka, ukielekea kwenye masega ya mchwa. Ukichimba taratibu kwa kijiti utaufuata kwa kina kirefu. Uyoga wa nyasi hauna mzizi huo; unaishia hapo juu. Ule mdogo unaotapakaa kwa mamia ndio usio na mzizi mrefu, na huo uachiwe wanaoujua tangu utotoni.

Pili, aangalie katikati ya kofia. Uyoga mwingi wa kichuguu una ncha ngumu iliyochongoka, ndiyo iliyotoboa udongo.

Tatu, aangalie chini ya shina kama pana kifuko. Kikiwapo, basi.

Nne, achunguze rangi ya unga wake. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe, kurasa zikitazama chini, ufunike kwa bakuli na uache usiku kucha. Asubuhi kutakuwa na unga kwenye karatasi. Uyoga wa kichuguu hutoa unga wenye rangi ya waridi hafifu. Ule wa kurasa za chokoleti hutoa wa kahawia. Ule mkubwa wa malishoni hutoa wa kijani, hata kama kurasa zake zilionekana nyeupe jana. Amanita hutoa mweupe, ambao hauonekani vizuri kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo nusu ya karatasi ipakwe rangi nyeusi au itumike karatasi ya kaki.

Kipimo cha unga kinasaidia kuukataa uyoga. Hakitoshi peke yake kuukubali. Walimu wa sayansi wanaweza kukifanya darasani na wanafunzi wakafurahi, mradi mikono inawe na uyoga utupwe baadaye.

Mtu akiugua

Sehemu hii isikilizwe vizuri kuliko zote, kwa sababu makosa mengi hutokea nyumbani kabla ya hospitali.

Mtu aliyekula uyoga akianza kutapika, kuharisha, kuumwa tumbo, kutokwa jasho jingi au kuchanganyikiwa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Wapelekwe wote waliokula chungu hicho, hata wale wasiosikia chochote. Asipewe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi ili atapike. Akiwa na fahamu zake, anywe maji safi au maji ya chumvi na sukari ya pakiti kidogo kidogo njiani.

Anayempeleka abebe uyoga uliobaki, mbichi na uliopikwa. Mbichi ufungwe kwa karatasi, si mfuko wa plastiki, maana huoza upesi. Kama hakuna uliobaki, mtoto aliyeuchuma aonyeshe mahali, na mmoja ung'olewe pamoja na udongo wa chini yake.

Mambo mawili yaandikwe hata kwenye kiganja: saa ya kula na saa dalili ya kwanza ilipoanza. Daktari atayauliza kabla ya mengine. Dalili zikianza ndani ya saa chache, mara nyingi sumu ni ya tumbo. Zikianza baada ya saa 6 au zaidi, hiyo ni alama ya hatari kubwa, kwa sababu sumu inayoharibu ini ndiyo inayochelewa. Wala zinapoanza mapema watu wasijipe moyo, kwa maana katika kikapu kimoja huenda aina mbili zilichanganyika.

Sumu inayochelewa ina tabia moja ya kudanganya. Mgonjwa hutapika na kuharisha siku ya kwanza, kisha siku ya pili hupata nafuu. Anakaa, anakunywa uji, anaomba arudishwe nyumbani. Familia inahesabu pesa za kitanda na nauli ya bodaboda, inaona ameshapona. Wakati huohuo ini lake linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano. Kwa hiyo nafuu ya siku ya pili isimtoe mtu hospitalini. Damu ipimwe, ini liangaliwe, na daktari ndiye aseme.

Mama ambaye amepika uyoga huo asiogope kusema. Wapo wanaoficha, wakidai mtoto amekula embe bichi, kwa kuhofia lawama za mume au mama mkwe. Kila saa inayopotea kwa kuficha ni ya mtoto. Wazee na akina baba wana kazi hapa: wahakikishe nyumbani kwao jambo kama hilo linaweza kusemwa bila kelele.

Kuhifadhi kilicho chema

Hotuba hii haikuja kuwanyima watu bubwoba. Wenye vichuguu wavitunze. Trekta ikilima, kichuguu kinachotoa uyoga kila mwaka kinaweza kuzungukwa. Kwa kuwa uyoga huu bado haujawezekana kulimwa kwa biashara, kikivunjwa hakuna duka la kununua kingine. Bibi aliye hai Chwele au Kimilili ajengewe safari ya wajukuu wakati wa likizo, akawaonyeshe vichuguu kwa kidole. Na wajukuu waambiwe waziwazi kwamba somo hilo ni la vichuguu vile, si la malisho ya Kitale.

Anayetaka uyoga wa kuuza au wa kula mwaka mzima anaweza kulima uyoga chaza. Hauhitaji ekari. Huota kwenye magunzi ya mahindi, maganda ya maharagwe au nyasi kavu zilizochemshwa na kufungwa kwenye mifuko, ndani ya kibanda chenye unyevu. Magunzi si haba huku. Mbegu yake inunuliwe kwa taasisi zinazotambulika, kama Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, na afisa wa kilimo wa wadi aulizwe namna ya kuanza.

Turudi kwa mtoto wa asubuhi, mwenye sweta lililojaa kofia nyeupe. Asichapwe, maana akichapwa kesho atauchoma kichakani na wenzake bila mtu mzima kujua. Asifiwe kwa kuuleta nyumbani kwanza. Kisha aulizwe swali moja: umeutoa wapi? Akijibu kwamba ni malishoni, uyoga umwagwe shimoni, anawe mikono kwa sabuni, na siku hiyo nyumba ile kunde. Kuuliza si ujinga, na kunde hazijawahi kumlaza mtu hospitalini.